Trikoderma kwenye chai ya Usambara: dawa au msaidizi wa jembe?

Mkulima wa chai wa Bumbuli au Amani akilalamika kwamba michai yake inakauka mmoja mmoja, hakosi wa kumshauri atafute kuvu rafiki, trikoderma, achanganye na maji amwagie shinani. Ushauri huo una ukweli ndani yake, ila shina la mchai uliokwisha kuugua ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kuanzia.

Ugonjwa unaosumbua hapa ni armilaria, nao ni kuvu vilevile. Majani hugeuka manjano, mchai huchanua maua ovyo, kisha shina hupasuka karibu na ardhi. Bandua gome hapo kwa ncha ya panga: utakuta utando mweupe umelala kati ya gome na mti, unanuka uyoga. Mara nyingi chanzo ni visiki. Mashamba mengi ya Usambara Mashariki yalifyekwa msituni, na mizizi ya miti iliyokatwa huendelea kuilisha armilaria chini kwa chini miaka na miaka, mpaka mzizi wa chai uje kuigusa.

Wanaoitetea trikoderma wana hoja nzito. Hujisokota kwenye nyuzi za kuvu wengine, huzitoboa kwa vimeng'enya na kula kilichomo. Udongo wa chai una tindikali, na trikoderma huupenda. Tena kemikali za kukimbilia zimepungua: methili bromaidi, iliyotumika kufukiza udongo, iliondolewa chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, nchi zinazoendelea zikipewa muda hadi 2015. Hata ingekuwepo, nani angefukiza robo eka iliyoning'inia mlimani?

Tatizo ni kwamba armilaria haikai kwenye udongo unaoumwagia. Imejichimbia ndani ya mti wa mzizi, chini ya gome, na ushindi wa kwenye kisahani cha maabara haufiki huko kirahisi. Mwaka 1951 Donald Bliss, aliyechunguza michungwa California, alieleza kwamba kemikali ya kufukiza iliidhoofisha armilaria tu. Aliyeimaliza ni trikoderma iliyokuwemo udongoni. Kwangu hiyo ndiyo hoja inayoamua mjadala: adui adhoofishwe kwanza.

Na kwa mkulima mdogo, kudhoofisha maana yake ni jembe. Ng'oa mchai mgonjwa pamoja na jirani zake wenye dalili, fuata mizizi hadi ile myembamba, choma yote, acha shimo lipigwe jua. Anayefungua shamba jipya abandue gome la miti kulizunguka shina na kuiacha ife imesimama kabla ya kuikata, ili wanga wa mizizini uishe na armilaria ikose chakula. Ni kazi chafu na ya polepole, ndiyo maana chupa ya trikoderma inavutia.

Baada ya hapo trikoderma ina nafasi yake: kwenye udongo wa viriba kitaluni, na ndani ya shimo la kupandia mchai wa kuziba pengo, ikichanganywa na mboji iliyoiva. Huko inawahi mzizi mchanga kabla ya adui. Ningelipia hiyo. Ya kumwagia michai inayonyauka nisingelipia. Pesa hiyo ningempa kibarua wa kung'oa.

Kisha kuna suala la bidhaa yenyewe. Hiki ni kiumbe hai: kikishinda chini ya bati la duka Muheza mwezi wa pili, unaweza kuuziwa vumbi lililokufa. Ukikichanganya na dawa ya kuua ukungu kwenye bomba moja, umekiua mwenyewe. Kujizalishia nyumbani kwenye pumba ni rahisi, ila vimelea vingine huingia bila hodi, na jirani anayelima uyoga hatakushukuru, kwa kuwa baadhi ya jamii za trikoderma ndizo zinazoleta ukungu wa kijani kwenye mifuko yake.

Kituo cha utafiti wa chai kipo Marikitanda, hapo hapo Amani. Majaribio yanayostahili kufanywa mle ni ya mashimo yaliyong'olewa, nusu yapewe trikoderma na nusu yasipewe, kwa misimu kadhaa. Kabla ya hapo, mnunuzi aulize mambo mawili dukani: namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, na tarehe ya kuisha muda.