Visukuku Husafiri kwa Posta, Mikunjo ya Miamba Haisafiri

Barua walizoandikiana wapimaji wa jiolojia wa karne ya 19 zina watetezi na wakosoaji. Watetezi wanasema humo ndimo mawazo yalimochujwa kabla ya kuchapishwa. Wakosoaji wanaona umbea wa mabwana wa London waliohukumu miamba wasiyoiona. Mgogoro wa Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, unazipa nguvu hoja zote mbili.

Henry De la Beche alikuwa amejitolea kupaka rangi za miamba kwenye ramani 8 za serikali, za inchi moja kwa maili, kwa malipo ya pauni 300. Desemba 1834 barua yake ilisomwa mbele ya Geological Society of London, chama cha wanajiolojia: karibu na Bideford, huko Devon, kumepatikana visukuku (mabaki yaliyogeuka mawe) vya mimea ndani ya miamba aliyoihesabu kuwa ya kale mno. John Lindley, mtaalamu wa mimea, aliitambua kuwa ya aina zilezile za kwenye makaa ya mawe. Mwanajiolojia Roderick Murchison, bila kufika pale, akasema haiwezekani mimea hiyo iwe ndani ya miamba ya kale hivyo. Miamba hiyo lazima iwe ya umri mdogo zaidi. Mwanajiolojia mwenzake Charles Lyell akamuunga mkono. De la Beche, aliyekuwa mbali, alipopata habari alijibu kwa katuni: yeye amesimama na pua yake wazi, na mabwana wenye miwani ya rangi wanamwambia hana pua, maana walishamweka kundi la wasio na pua kabla ya kumwona.

Katuni inachekesha, ila aliyekosea mahali pa miamba ni De la Beche. Mwaka 1836 Murchison na Adam Sedgwick walipopima Devon walikuta matabaka yale yamelala ndani ya mkunjo mkubwa wenye umbo la hori, juu ya mengine yote. Katika miamba iliyokunjwa hivyo, mwinamo uliopimwa sehemu moja unaweza kuonyesha tabaka changa likizama chini ya lile la kale.

Murchison naye hakutoka msafi. Alitabiri pengo kubwa la muda kati ya matabaka hayo na yaliyo chini yake. De la Beche alishikilia kwamba pengo halipo, na hapo alikuwa sahihi. Kama juu ni enzi ya makaa na hakuna pengo, basi ya chini yake hayawezi kuwa ya kale kiasi kilichodhaniwa. William Lonsdale, kwa kuchunguza visukuku vya matumbawe kutoka mawe ya chokaa ya Devon kusini, aliyapa umri wa katikati, kati ya ule wa kale na enzi ya makaa, na mwaka 1839 jina la Devoni likatangazwa kwa kipindi hicho.

Kwa maoni yangu, kinachoamua ni aina ya ushahidi. Kisukuku chenye lebo ya mahali na tabaka kilikotoka hakipotezi kitu kikitumwa kwa sanduku, na ndiyo maana waliokuwa mbali walipatia umri. Umbo la miamba halifungiki, na hapo maneno matupu yaliwaponza.

Gharama ziliongeza tatizo. Kabla ya Desemba 1839 posta ya Uingereza ilitoza kwa umbali na idadi ya karatasi, na kwa kawaida mpokeaji ndiye aliyelipa. Kwa umbali wa maili 170 hadi 230, karatasi moja ilikuwa peni 11. Ukiongeza ya pili kwa ajili ya mchoro wa mkato wa matabaka, bei ilirudufika. Kuanzia Januari 1840 peni moja ilitosha kwa nusu aunsi, popote nchini.

Pamoja na hayo, barua hazina mbadala kwa jambo moja: majadiliano ya mikutano ya Society hayakuchapishwa. Nani alisema nini usiku ule wa Desemba 1834 tunakijua hasa kwa walioandikiana, na karibu kila mmoja alikuwa na upande wake. Kwa hiyo anayezitumia aanze na tarehe, mahali zilipoandikiwa, na kama mwandishi alikuwa ameshaukanyaga mwamba anaousemea.