Kete Sitini na Tatu na Kifungo Kimoja

Leo asubuhi, Septemba hii ya 2022, nimetoka zangu, nimekunywa kahawa chungu vikombe viwili, nimejifunga kikoi kipya, nakwenda barazani kucheza bao kama mtu mwenye akili timamu. Nakuta watu wanacheza karata. Karata! Baraza letu hapa Majengo, Mombasa, baraza la bao tangu marehemu babangu ana meno yote, leo wazee wazima na mvi zao wanacheza karata kama manamba wanaongoja zamu ya matatu. Nauliza ubao uko wapi, kimya. Nauliza kete ziko wapi, kimya zaidi. Mmoja akaniangalia vile anavyoangaliwa mgonjwa ambaye hajaambiwa na daktari.

Kwani kesi ya kura ya urais bado haijaisha? Majaji saba wa Mahakama ya Juu wameketi, wamesikiza, tarehe 5 Septemba wametamka, wote saba kauli moja: Ruto ndiye, Raila ameshindwa. Jumanne ya tarehe 13 anaapishwa uwanjani Kasarani, Nairobi. Nchi nzima imeshajua rais wake ni nani, sisi hapa hatujui bao litachezwa lini.

Ubao ni wa Mwalimu mstaafu. Kete ni za Fundi wa cherehani. Miaka kumi na sita mambo yamekwenda hivyo na hakuna aliyewahi kuuliza hati. Jioni ya tarehe 15 Agosti, Chebukati, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, alipomaliza kusoma matokeo pale Bomas, ukumbi wa kujumlishia kura Nairobi, baada ya zile vurugu zote za kwenye jukwaa, Mwalimu alisimama, akautia ubao kwapani, akaenda zake bila kwaheri. Fundi naye akakomba kete, akazitia kwenye mfuko wa kufunikia suti ya mteja, akapanda ngazi. Tangu siku hiyo mmoja ana mashimo, mwenzake ana mbegu, na sisi wengine tuna macho.

Nisiwasengenye, lakini kila mmoja ana maradhi yake. Mwalimu amempigia Raila kura mara tano: 1997, 2007, 2013, 2017 na hii. Mtu akipika pilau mara tano na mara tano ikaungua, wengine watasema mpishi hajui. Mwalimu anasema jikoni kuna jini. Fundi yeye ni hasla wa kiapo, mtu wa Ruto. Cherehani yake ameifunika kitambaa cha njano, rangi ya chama, na zile kura 7,176,141 za Ruto anazitaja haraka kuliko namba yake ya simu. Ukimtolea salamu anakujibu kwanza tofauti ya kura, 233,211, halafu ndiyo aleikum salaam.

Mimi je? Mimi nilipiga yangu na siri yangu ninayo. Mke wangu tu ndiye anadai anajua, kwa vile nilivyokohoa.

Basi nikaona, mtu wa heshima kama mimi, mume wa mtu, baba wa watoto watatu, siwezi kukaa kutazama karata. Nikaenda kwa Mwalimu. Nikamwambia, Mwalimu, toa ubao, nitakuletea kete. Akaniangalia juu ya miwani. "Zote?" Zote. "Zimehakikiwa?" Mwalimu, ni kete! "Bwana, hata zile zilikuwa kura tu." Akakubali kwa sharti moja: mjukuu wake aende kama wakala, na simu, apige picha kila hatua.

Nikaenda kwa Fundi na wakala wangu wa darasa la saba. Fundi akasikiza huku amebana pini mdomoni. Akazitoa pini moja moja, akasema hana neno, yeye ni mtu wa amani, lakini na yeye ataweka wakala. Akamwita mpwa wake. Halafu wanagenzi wake wanne wakasogeza viti bila kuitwa. Mkasi ukawekwa kando, vitambaa vikakunjwa, meza ya kukatia nguo ikawa Bomas. Nani mwenyekiti? Wote wakanigeukia mimi. Na mimi, Mungu anisamehe, nikafunga vizuri kikoi na kurekebisha kofia.

Nikahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Mjukuu anapiga picha. Nikifika ishirini na tano mpwa anasema ile ilihesabiwa. Naanza upya. Nikifika arubaini mteja anaingia kuulizia buibui lake la harusi, anaambiwa asubiri, kuna zoezi la kitaifa. Akauliza nani anaongoza. Nikahesabu hadi mwisho: sitini na nne, kete kamili za bao. Alhamdulillahi! Nikaandika kwenye karatasi ya daftari, juu nikaandika Fomu 34A, kama ile ya matokeo ya kituo cha kura, nikapiga sahihi. Ndipo wakala wa darasa la saba, mtoto wa juzi, akasema, "Mjomba, hii moja ina matundu manne."

Nikaichukua. Kifungo. Kifungo cha koti, cha kahawia, kimekaa katikati ya komwe kama mgeni aliyekuja karamuni bila kualikwa na ameshakula.

Fundi hakutetereka. Akasema kete moja ilipotea mwaka 2017, hicho kifungo kimecheza tangu hapo, kimekula na kuliwa, Mwalimu mwenyewe ameshinda nacho mara ngapi na hakulalamika. Ni kete halali. Mjukuu akampigia babu yake simu, akaweka sauti juu, na sauti ya Mwalimu ikatoka kama ya mkaguzi wa shule: kifungo kimetoka kwa nani? Kwa mshonaji! Kwa hiyo ni mtu wake! Kura hiyo imeharibika, iwekwe pembeni!

Nikatangaza: kete halali sitini na tatu, iliyokataliwa moja. Sijamaliza kufunga mdomo, wale wanagenzi wanne wakasimama pamoja, wakatoka nje, wakajipanga kando ya duka la mahamri wakasema matokeo haya hawayatambui. Kwa nini? Hawakuridhishwa na utaratibu wa mwisho. Mmoja alikuwa na hesabu za asilimia, zikajumlisha mia moja nukta sifuri moja, nami nikajua huyu alikuwa anafuatilia habari za hoteli ya Serena, makamishna wanne wa tume walipoyakana matokeo ya Chebukati kwa hesabu hiyo hiyo. Muuza mahamri akawauliza kama wananunua au wanahutubia.

Ile fomu niliipeleka kwa Mwalimu mwenyewe, kwa mkono wangu. Akaisoma. Akachukua kalamu nyekundu. Akasahihisha "Jumla" niliyoiandika "Jumra", akaweka mstari chini ya sahihi yangu, pembeni akaandika: Rudia.

Tukaenda rufani kwa muuza kahawa, maana ndiye mtu mzima asiye na chama pale. Akaweka dele chini, akasikiza pande zote mbili, akakata hukumu kuwa kabla hajasema lolote wote wawili wamlipe kahawa ya tangu Juni. Kesi ikafia hapo.

Sasa nimecheka nikachoka, nimefika pahali sicheki tena. Huyu Fundi amewashonea watoto wa Mwalimu sare za shule wote wanne kwa deni, na deni lenyewe nusu lilikufa bila kudaiwa. Mwalimu ndiye aliyekaa naye hospitali siku tatu mkewe alipolazwa, anamsomea karatasi za madaktari moja moja. Na juzi namuona Mwalimu anatembea upande upande kama kaa wa Likoni. Kumbe suruali imechanika, na badala ya kuvuka barabara Fundi amshonee dakika mbili, amepanda matatu mpaka Kisauni kwa fundi asiyemjua, kamshonea mguu mmoja mrefu kuliko wa pili. Nauli kwenda, nauli kurudi! Waliogombea wana watu wa kuwashikia mwavuli jua likiwaka. Mwalimu hana hata wa kumwambia zipu iko wazi. Nilimwambia mimi, akasema nimetumwa.

Na wala si kwamba tulikosa mengine ya kugombania. Kura ya gavana hapa Mombasa karatasi zilichapishwa vibaya, tukarudi foleni tarehe 29 Agosti, wino juu ya wino. Ile wiki ya matokeo kila stesheni ya televisheni ilikuwa na mshindi wake, ukibadilisha chaneli unabadilisha rais, na kwangu rimoti alikuwa nayo mtoto. Unga wa shilingi mia, ule wa ruzuku ya serikali, ulikuja Julai, kila nikifika dukani naambiwa umeisha jana. Nikaenda jana yake, ulikuwa umeisha juzi.

Nilirudi nyumbani saa sita, kikoi kipya kimelowa jasho, bao sijacheza, kifungo ninacho mfukoni maana kila upande umekataa kukaa nacho. Mke wangu akakitazama, akaniuliza koti langu la kahawia, lile la Idi, liko wapi. Nikasema nilimpelekea Fundi apunguze mikono. Lini? Nikafikiri. Elfu mbili na kumi na saba.

Sikupata kumaliza maneno hayo, mkokoteni wa maji ulikuwa umefika mlangoni, mfereji tangu Jumapili unapiga mluzi tu. Hamali akateremsha mitungi, akasema kumi, bei imepanda kidogo, mzee. Nikampa pesa bila kuhesabu. Wallahi leo sihesabu kitu tena.

Mke wangu ndiye aliyetoka kuhesabu. Nikamsikia kule nje ananiita kwa jina langu, na la babangu, na la babu.