Bodi ya biti 8 na lawama zisizo zake

Anayejenga mashine ndogo ya CNC, yaani ya kukata na kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta, hufika siku ya kuchagua bodi ya kuongoza mota, na ushauri anaokutana nao siku hizi karibu ni mmoja: achana na Arduino Uno, ile bodi ndogo ya biti 8, yenye GRBL, programu inayogeuza maelekezo ya kukata kuwa mapigo ya kusogeza mota; hiyo ni ya kuchezea. Nunua bodi ya biti 32. Na kama kweli una nia, weka LinuxCNC, programu inayoendesha mashine kutoka kompyuta kamili, na kadi ya FPGA, chipu ya kutolea mapigo ya haraka. Ushauri huo si wa uongo. Ubaya wake ni kwamba hutolewa kabla mtu hajaulizwa anakata nini, skrubu yake inasogea milimita ngapi kwa mzunguko mmoja, na nyaya zake amezipitisha wapi.

Mimi niliufuata. Mashine yangu ilikuwa na ugonjwa mmoja tu. Naiwasha, inatafuta kituo chake cha kuanzia vizuri, inatembea hewani saa nzima bila kukosea. Nikiwasha spindeli tu, ile mota inayozungusha kisu, kisu hata hakijagusa ubao, skrini inaandika ALARM:1, yaani swichi ya mwisho wa reli imeguswa. Naangalia: spindeli iko katikati ya meza, haijakaribia swichi yoyote. Nikaambiwa hiyo ndiyo dalili ya chipu dhaifu. Nikanunua bodi ya biti 32, nikahamishia nyaya zilezile, nikawasha spindeli. Alamu ileile, papo hapo.

Kilichokuwa kikitokea hakikuhusu biti hata kidogo. Ndani ya ATmega328P, chipu ya Uno, mguu unaosoma swichi huvutwa juu hadi volti 5 kupitia rezista ya ndani ya kati ya kiloohm 20 na 50. Mkondo unaopita hapo ni sehemu ndogo tu ya miliampea moja. Sasa chukua waya wa mita mbili unaoshikiliwa kwa nguvu ndogo kiasi hicho, ufunge kwa kamba za plastiki sambamba na kebo ya spindeli, ambayo inveta yake, kifaa cha kudhibiti kasi yake, inakatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde. Umejitengenezea antena, na kila mpigo wa inveta unasomwa kama swichi. Bodi mpya ilikuwa na hali mbaya zaidi: chipu yake ni ya volti 3.3, kwa hiyo hata nafasi ya kuvumilia kelele za umeme ilikuwa imepungua.

Dawa ilikuwa rezista ya kiloohm 2.2 kwenda volti 5, kapasita ya maikrofaradi 0.1 kwenda ardhi ya bodi, waya wa swichi kupitishwa upande wa pili wa meza, na swichi zenyewe kubadilishwa ziwe za kufunga mzunguko pale ambapo hazijaguswa. Swichi ya namna hiyo hushikilia waya chini muda wote, kwa hiyo kelele haina pa kuuinua kirahisi, na waya ukikatika mashine inakwambia hapohapo badala ya kukuacha ugonge mwisho wa reli. Niliyafanya hayo kwenye bodi ya zamani. Alamu ikaisha.

Haki ya upande wa pili isemwe hapa. Zipo bodi ambazo zingeniepusha na shida yote hiyo: zile ambazo pembejeo zake, yaani miguu ya kupokea ishara, ni za volti 24 na zimetenganishwa kwa optokapla, kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga bila nyaya kugusana. Kuiwasha optokapla kunahitaji miliampea kadhaa, si vipande vya miliampea, na kelele za kebo jirani mara nyingi hazina ubavu huo. Hiyo ni sababu nzuri ya kununua bodi ghali. Ila angalia unacholipia: ni pembejeo. Ziko bodi za biti 32 zisizo nazo, na hakuna kinachokuzuia kuweka optokapla mbele ya Uno.

Lawama ya pili ni ya kasi. GRBL, iliyoanza mwaka 2009, kwenye chipu ya megahezi 16 hutoa mapigo yasiyozidi takriban 30,000 kwa sekunde. Namba hiyo hutajwa kama hukumu, wakati bodi za kisasa hutoa mapigo laki kadhaa. Lakini 30,000 ni nyingi au kidogo? Haiwezekani kujibu bila kuigeuza kuwa milimita, na wengi wanaoitaja hawajawahi kuigeuza.

Tuigeuze. Mota ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko. Draiva, kifaa kinachoipa mota umeme wake, ikigawa kila hatua mara 8, unapata mapigo 1,600. Skrubu ya bolibeni (yenye gololi ndani ya nati) inayosogeza milimita 5 kwa mzunguko itahitaji mapigo 320 kwa kila milimita. Gawa 30,000 kwa 320: karibu milimita 94 kwa sekunde, yaani 5,600 na ushee kwa dakika. Kwa kasi hiyo skrubu inazunguka mara 1,125 kwa dakika, na hapo ndipo jambo lenyewe lilipo, maana mota ya hatua huanza kupoteza nguvu mapema sana kadiri inavyozunguka haraka. Kwenye mashine nyingi za nyumbani, ikifika mizunguko elfu moja imeshakuwa legevu kiasi kwamba kipande cha mbao kigumu kidogo kinaisimamisha. Mota itaishiwa kabla ya bodi. Anayekata plaiwudi kwa milimita 2,000 kwa dakika hajafika hata nusu ya uwezo wa ile inayoitwa ya kuchezea. Wenye mashine za mkanda ndio kabisa: puli ya meno 20 ya mkanda wa milimita 2 inasogeza milimita 40 kwa mzunguko, na kwa mgawanyo uleule inahitaji mapigo 40 tu kwa milimita. Ukomo wake kwenye karatasi ni milimita 750 kwa sekunde. Ni nadra reli ya CNC ya nyumbani kwenda hivyo.

Sasa mtu yuleyule afungue kifuniko cha draiva, asogeze swichi ndogo kutoka 8 hadi 32 kwa sababu namba kubwa huonekana bora. Mapigo yanakuwa 1,280 kwa milimita, na ukomo unaanguka hadi milimita 1,400 kwa dakika. Hapo mashine inaburuta, naye anaandika kwamba GRBL imemfikisha mwisho. Kwa mgawanyo wa 8 tayari kila mpigo ulikuwa takriban maikroni 3. Fremu ya mashine yake inapinda zaidi ya hapo ukiiegemea kwa kiganja.

Kuna eneo moja ambalo siwezi kuitetea bodi ndogo, na nisingependa msomaji aliruke: michongo ya sura na maua. Programu ya CAM, inayogeuza mchoro kuwa njia ya kisu, hulivunja umbo la namna hiyo kuwa mamia ya maelfu ya vipande vifupi, tuseme vya milimita 0.1. GRBL ya asili ina foleni ya mistari takriban 16, kwa kuwa chipu nzima ina kilobaiti 2 za kumbukumbu. Kanuni ya mpangaji wake, sehemu ya programu inayopanga kasi, ni ya uangalifu: lazima awe na uwezo wa kusimama ifikapo mwisho wa mstari wa mwisho anaoujua. Mistari 16 ya milimita 0.1 ni milimita 1.6 tu za kuona mbele. Ikiwa mchapuko umewekwa 200, yaani kasi huongezeka milimita 200 kwa sekunde katika kila sekunde, kasi ya juu ni kipeuo cha pili cha mara mbili ya 200 mara 1.6: milimita 25 kwa sekunde, kama 1,500 kwa dakika. Umeomba 4,000, umepewa 1,500, na mashine haikwambii kitu. Mbao laini inaanza kuungua chini ya kisu kinachozunguka bila kusonga inavyotakiwa. Foleni ikiwa ya mistari 100, hesabu hiyohiyo inatoa karibu 3,800. Hilo ni jambo la kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo inayopatikana kwa ukarimu kwenye chipu za biti 32 zinazoendesha programu za ukoo wa GRBL: ESP32 ya FluidNC au Teensy inayoendesha grblHAL.

Hata hapo nina neno. Mchapuko ambao GRBL huja nao bila kuguswa ni 10, si 200. Weka 10 kwenye hesabu ileile na unapata milimita 340 kwa dakika. Mara ngapi mtu ameilaani bodi wakati mstari wa $120, mpangilio wa mchapuko, haujawahi kufunguliwa? Na CAM ikiruhusiwa kuunganisha vipande vifikie milimita 0.3, foleni ya mistari 16 inafika 2,600 kwa mchapuko wa 200. Si suluhisho kwa kila mchongo, lakini ni la kujaribu kabla ya kuagiza kitu.

LinuxCNC ni habari nyingine, na huwa naona haistahili kuwekwa kwenye ngazi moja na hizi kana kwamba ni cheo cha juu cha kitu kilekile. Ilitokana na mradi wa NIST, taasisi ya vipimo na viwango ya Marekani, miaka ya 1990, na kazi yake ni mashine zinazohitaji kujua zilipo kweli: enkoda, kihisi cha mahali, inarudisha taarifa, kompyuta inalinganisha na kurekebisha. Ukitaka kukata nyuzi za skrubu kwenye lathe, mashine ya kukereza, kisu lazima kifuate mzunguko wa spindeli wenyewe, si kasi inayodhaniwa. GRBL ya asili haiwezi kabisa. LinuxCNC ina amri ya G33 kwa kazi hiyo, na G33.1 kwa kutoboa nyuzi. Mwenye lathe asipoteze muda na Uno. Mwenye ruta ya mihimili mitatu ya kukatia mbao atalipia kompyuta nzima, kadi, na wikendi kadhaa za kuhariri mafaili ya HAL yanayoieleza LinuxCNC kipi kimeunganishwa na kipi, apate kuta za kabati zilezile.

Nyaya za kuunganisha kompyuta nazo zina kesi yao. USB hukatika kelele za umeme zikizidi, na kazi ya saa tatu inafia katikati. Etheneti ina transfoma ndogo kwenye kila soketi, haina muunganiko wa moja kwa moja wa umeme, na hilo peke yake ni hoja nzito ya kadi za Etheneti au bodi zinazosoma kadi ya kumbukumbu. Hapa sina utetezi zaidi ya kebo fupi yenye kinga na kuizuia laptopu isilale. Mach3, programu ya Windows ya kuongoza CNC, kwa mlango sambamba, ule wa printa za zamani, siizungumzii sana. Programu yake ya kuendesha mlango huo haiendi kwenye Windows ya biti 64, na kutafuta kompyuta ya kale kwa ajili yake ni burudani ya aina yake.

Kitufe cha dharura, kwa bodi yoyote ile, kikate umeme wa draiva na spindeli kwa kontakta, yaani swichi kubwa inayoendeshwa kwa umeme. Kisipite kwenye programu.

Ile bodi niliyoinunua kwa hasira sikuiuza. Nimeifunga kwenye mashine ya pili, ndogo zaidi, ninayochongea maua, na huko foleni yake ndefu inaonekana kwa macho: kisu hakisiti tena kwenye mikunjo ya petali. Kabla ya kuiwasha mara ya kwanza niliuongezea kila waya wa swichi rezista na kapasita, kama za ile ya zamani, safari hii nikiivutia volti 3.3.