Raga ya makuli

Juzi barazani, baada ya Isha, kijana mmoja aliyesoma Uingereza alinikata kauli nikisifu raga ya ligi, ile ya watu 13, iliyojitenga na yunioni ya watu 15. "Hiyo raga ya makuli. Waungwana wanatazama yunioni." Usingizi haukunijia.

Marehemu baba alikuwa kuli hapa Malindi. Siku asiyobeba gunia, jioni chungu hakikutelekwa. Kwa hivyo najua walichokuwa wakikililia wale watu wa Huddersfield, kaskazini ya Uingereza, mwaka 1895. Wachezaji wa kaskazini walikuwa watu wa migodini na viwandani. Jumamosi ukenda uwanjani, ujira wako umekatwa. Klabu zao zikataka kuwafidia, wakubwa wa yunioni kule London wakakataa, zikajitoa na kuanza mchezo wao, ndio ligi. Yunioni yenyewe ilikuja kuruhusu malipo 1995. Miaka mia kamili!

Na hapo ndipo utamu wa ligi ulipozaliwa. Ilibidi wachezaji walipwe, na fedha ilikuwa ya kiingilio tu. Mtazamaji akichoka, hakuna mshahara. Basi wakaondoa lainauti, ile foleni ya kugombea mpira unaorushwa kutoka ukingoni, na mwaka 1906 wakapunguza watu kutoka 15 hadi 13 ili uwanja ufunguke, mpira ukimbie. Mchezo huu ulichongwa kwa ajili ya aliyesimama ukingoni.

Yunioni haikuchongwa hivyo. Tarehe 28 Oktoba 2023, saa nne usiku, nilimkalisha ami yangu tutazame fainali ya Kombe la Dunia. Afrika Kusini 12, New Zealand 11. Bingwa hakutia trai hata moja, yaani hakuufikisha mpira na kuuweka chini nyuma ya mstari wa mwenzake. Handré Pollard wao alipiga penalti nne, mateke ya adhabu, yakesha. New Zealand, tena wakiwa pungufu, ndio waliopata trai pekee ya usiku ule. Penalti mbili za yunioni, alama sita, zinaizidi trai moja tupu, alama tano, sasa nani atahangaika kukimbia? Skramu, wale wanaoshikana wakainama kusukumana, ikianguka inapangwa upya, inaanguka tena. Ami akaniuliza, "Mwanangu, hawa walioinama wanatafuta nini?" Nilijaribu kumweleza. Kahawa ikapoa.

Nakubali, Siya Kolisi, nahodha wa Afrika Kusini siku ile, akinyanyua kombe moyo wa Mwafrika unajaa, na ligi haina nchi nyingi hivyo. Nakubali pia kwamba raga ya saba, ya wachezaji saba kila upande, iliyowapa Wakenya ubingwa wa Singapore 2016, ni mtoto wa yunioni. Hayo yao.

Lakini wiki iliyofuata nilimwekea ami fainali ya ligi ya Australia ya mwaka ule ule, Penrith na Brisbane. Nikamwambia jambo moja tu: mkiangushwa mara sita, mpira mnawapa wapinzani. Akaanza kuhesabu kwa pingili za vidole, kama anavyovuta uradi. Brisbane walikuwa mbele 24 kwa 8, zimebaki dakika ishirini hivi, na Penrith wakawapindua 26 kwa 24. Nathan Cleary wa Penrith alipokata katikati ya watu kwenda kutia trai ya mwisho, ami, mzee wa miaka sabini na tatu, alikuwa ameshasimama, kidole gumba bado kimekaza pingili, anamwita kwa jina.