Mpira wa huku una kila kitu, urojo tu ndo hakuna

Jamani hili nalisema leo mkinuna mnune. Mie mtoto wa Chake Chake, Pemba, huu mwaka wa kumi na moja niko Leicester, na kila nikipiga simu nyumbani vijana swali lao moja tu, ami umekwenda uwanjani? Utadhani huku tunalala ndani ya King Power, uwanja wa Leicester City. Haya nimeshakwenda, mara mbili, kwa miaka yote hiyo. Uwanja mzuri sikatai, nyasi kama zulia la msikitini, lakini tiketi yake ndo matumizi ya nyumba kwa wiki, na ukishaingia unakaa kwenye kiti chenye namba yako ubavuni mwa mzee ambae hata salamu hamna, hafutaimu kila mtu anapanga foleni ananunua pai yake anakula peke yake kaikumbatia kama kaiba. Firimbi ya mwisho ikilia watu haooo, wanawahi basi. Mtu uliekulia uwanja wetu wa Gombani unahisi kama umetoka kliniki.

Na timu yangu mie ni Heroes, timu ya taifa ya Zanzibar, hizo nyengine napitia tu. 1995 tulipochukua Challenge, kombe la Afrika Mashariki na Kati, nilikuwa mdogo, ninachokumbuka ni redio ya baba na watu kukimbia njiani. 2017 nilikuwa nimeshakuja huku, fainali ya kombe hilo hilo na Kenya kule Machakos, 2-2 halafu penalti tukafungwa, siku ya pili yake nipo kazini nimenuna mwenzangu mmoja akaniuliza una nini, nikamwambia timu yangu ya taifa imefungwa fainali, akatoa simu akaitafuta kwenye orodha ya FIFA. Haimo. Akaniangalia hivi kama mtu aliemshika mwenzake na uongo. Sasa huyu utamueleza nini, kuwa CAF, shirikisho la mpira la Afrika, walitupa uanachama mwezi wa tatu mwaka ule ule na mwezi wa saba wakaturudisha nje? Nikamwambia basi, tumbo linaniuma.

Ndo ikaja Januari 2025. Mapinduzi Cup safari ile wakaamua zicheze timu za taifa badala ya klabu, na isiwe uwanja wa Amaan kule Unguja, ikapelekwa Pemba, Gombani, uwanja niliokuwa naenda kwa miguu tena peku! Heroes hao mpaka fainali na Burkina Faso, Jumatatu tarehe 13. Nimeondoka mie ndo vinakuja vitamu. Nikaomba ruhusa kazini nikasema leo sandwichi siigusi, leo napika urojo. (Watu wa Unguja najua mtasema urojo wenu, chukueni, sie tunakula tu.)

Tatizo sijawahi kuupika. Nikampigia mama, mama unga kiasi gani? Akanambia, "Kiasi." Maji je? "Kiasi, mwanangu, lakini wewe lini ulipiga hodi jikoni kwangu?" Akacheka, mie nikacheka, lakini lile neno lilinikaa. Kwa sababu kweli, siku za mechi kwetu sie wanaume tulijaa barazani tangu alaasiri, na urojo ulikuwa unakuja tu, bakuli baada ya bakuli, kachori za moto, chatini ya nazi, mtu anapita njia hata hamumjui anaitwa njoo ule. Ule ukarimu tunaousifia kila siku kuna watu walikuwa wanaupika, na goli hawakuliona. Dada zangu wawili mashabiki wakubwa wa mpira, mechi wanazisikia kwa kelele zetu. Hili sikulijua mpaka niliposimama mwenyewe mbele ya sufuria.

Vitu huku unapata usiwe na wasiwasi. Belgrave Road kuna duka la mzee mmoja wa Kihindi, katoka Kampala 1972 wakati wa Amin akiwa kijana, Kiswahili chake cha dukani dukani lakini kinakwenda. Nimeshika embe mbichi tatu na unga wa dengu akanitizama akasema, "Wewe leo nataka pika urojo." Nilitaka kumkumbatia. Muhogo ulikuwa wa kugandishwa, basi nikakamata huo huo.

Nyumbani mdogo wangu kanipigia vidio kol, simu kaiegemeza kwenye kopo la maziwa ya unga mbele ya tivii, kwa hiyo nusu ya uwanja naiona na nusu naona kichwa cha mtoto wa jirani. Mie nakoroga. Mbatata zimeiva, bajia nimezitoa, ule uji wa unga na manjano umeanza kuchemka na embe ndani yake na harufu imeshapanda ile yenyewe, hapo ndo hutakiwi kuacha mkono. Mara grupu la familia likalipuka GOOOLI, goli letu, na mie kwenye simu yangu mpira bado uko katikati ya uwanja! Nikaacha mwiko nikakimbilia simu, nasubiri goli ambalo Pemba nzima imeshalishangilia. Narudi jikoni, madonge. Madonge makubwa kama ndimu. Nikauchuja kwa chujio la chai upawa mmoja mmoja, kazi ya kipumbavu sijapata kuona, tukashinda 2-1 mie bado nachuja. Nimekula umesimama koo lakini nimekula, na pilipili, machozi sijui yalikuwa ya nini.

Sasa wale vijana wangu. Mwaka jana nilikwenda likizo na orodha ya jezi nilizoagizwa, Arsenal nne, Man U mbili, Liverpool moja. Nami nikaagiza yangu moja tu, nitafutieni ya Heroes. Siku ya tatu wakaja mikono mitupu, "Ami hatujui inauzwa wapi." Na jioni yake nikawaambia twende Gombani kuna mechi ya ligi, wakanambia ami hiyo haina mvuto, majukwaani tulikuwa watu wa kuhesabika. Halafu mimi ndo naulizwa kama nimekwenda uwanjani! Nyie mnaiwaza England, mie wa England nachuja madonge kwa ajili ya Gombani, hebu tuambiane ukweli nani hapo kapotea.

Likizo hiyo hiyo, siku moja ya mechi, mama nilimwambia akae barazani nipike mie. Alikaa dakika kumi akaja kuninyang'anya mwiko. Dada zangu lakini hawakunyanyuka, waliangalia mpaka mwisho, na mmoja akanitumia mtoto jikoni, nenda kamwambie ami wako chumvi haikukolea.