Kura 494 za Mbeere Kaskazini: uchaguzi mdogo unatuambia nini?

Tarehe 27 Novemba 2025, Wakenya wa maeneo kadhaa walirudi debeni kujaza viti vilivyokuwa wazi. Mbeere Kaskazini, kaunti ya Embu, Leonard wa Muthende wa UDA, chama cha Rais William Ruto, alipata kura 15,802. Newton Karish wa Democratic Party, aliyebebwa na upinzani, akapata 15,308. Tofauti ni kura 494.

Kesho yake kila kambi ilikuwa na tafsiri yake. Wandani wa serikali walisema Mlima, yaani eneo la Mlima Kenya, bado uko mkononi mwa Ruto, na kwamba Rigathi Gachagua, naibu rais wa zamani aliyegeuka mpinzani, amepimwa akapatikana mwepesi. Upinzani ukajibu kwamba serikali nzima ilihamia eneobunge moja, naibu rais Kithure Kindiki akiwa mbele, na bado ikaponea chupuchupu. Wakaongeza kwamba mgombea wa tatu alizoa kura nyingi kuliko pengo lenyewe.

Kila upande una hoja. Kinachonikera ni haraka ya kuruka kutoka eneobunge moja hadi Ikulu ya 2027, kana kwamba kilichobaki ni kuapishwa tu. Tumewahi kupita njia hii, na hivi karibuni tu.

Wanaoamini kwamba chaguzi ndogo hutabiri zile kubwa wana ushahidi mzito, na ushahidi huo ni mwaka 2021. Wakati huo Jubilee, chama tawala, ilikuwa imepasuka kati ya Kieleweke waliobaki na Rais Uhuru Kenyatta na Tangatanga waliomfuata Ruto, naibu wake. Kipengele cha 103 cha Katiba kinamnyang'anya mbunge kiti akihama chama kilichompeleka bungeni. Kwa hiyo wabunge wengi wa Tangatanga waliendelea kuitwa wa Jubilee bungeni huku mioyo yao ikiwa kwenye wilibaro, nembo ya UDA. Hesabu ya bunge haikuweza kuonyesha nani ana watu. Mzani pekee uliokuwapo ni kiti kinapobaki wazi na wananchi kuulizwa upya.

Wakaulizwa huko Kiambu, nyumbani kwa Uhuru. Tarehe 18 Mei 2021, siku tano tu baada ya Mahakama Kuu kuuzima mpango wa BBI wa kurekebisha Katiba, Juja ilimchagua George Koimburi wa PEP, chama kidogo kilichokuwa upande wa Ruto, kwa kura 12,159. Susan Njeri Waititu wa Jubilee, mjane wa mbunge aliyefariki, alipata 5,764. Julai ikafika zamu ya Kiambaa. John Njuguna Wanjiku wa UDA alipata 21,773 na Kariri Njama wa Jubilee 21,263, pengo la kura 510. Miezi kadhaa kabla, Desemba 2020, Msambweni kule Kwale ilikuwa imempa ushindi Feisal Bader, mgombea huru aliyeungwa mkono na Ruto, mbele ya Omar Boga wa ODM, chama cha Raila Odinga, ingawa Jubilee ilikuwa imeiachia ODM uwanja.

Agosti 2022 ikathibitisha. Jubilee, iliyokuwa na viti 171 katika Bunge la Taifa baada ya uchaguzi wa 2017, ilitoka na 28. Koimburi, Wanjiku na Bader wote walirudi bungeni kwa tikiti ya UDA. Kwa aliyeitazama Kiambu mwaka 2021 bila ushabiki, hakuna kilichomshtua.

Hadi hapo hoja inakaa vizuri, lakini imeruka mwezi Machi.

Tarehe 4 Machi 2021 kulikuwa na uchaguzi Matungu na Kabuchai, huko Magharibi, na tarehe 18 ule wa useneta, Machakos. UDA, changa na yenye pesa na kelele, ilisimamisha wagombea kote na kuangushwa kote. Matungu ilishika nafasi ya tatu, nyuma ya ANC na ODM. Kabuchai, Majimbo Kalasinga wa Ford Kenya aliizidi karibu mara tatu. Machakos, Agnes Kavindu wa Wiper alizoa kura zaidi ya 104,000 dhidi ya zisizofika 20,000 za mgombea wa UDA. Kufariji nafsi, UDA ilibaki na wadi ya London mjini Nakuru. Mchambuzi aliyefunga daftari lake mwezi ule angeandika kwamba chama kimezaliwa kikiwa maiti. Miezi 17 baadaye mgombea wake alichaguliwa rais.

Bonchari nako kunatatiza. Siku ile ile Juja ilipoikataa Jubilee, Bonchari ilimchagua Pavel Oimeke wa ODM katika kinyang'anyiro cha watatu kilichokaribiana sana, na wengi wakaandika kwamba Kisii ni ya ODM. Mwaka uliofuata kiti kikaenda kwa chama kingine, UPA. Na Kibra mwaka 2019, Jubilee ilimsimamisha McDonald Mariga, nyota wa zamani wa Inter Milan. Uhuru alimpokea Ikulu na kumvisha kofia ya chama, kisha kampeni ikaachiwa Ruto. Imran Okoth wa ODM alishinda kwa 24,636 dhidi ya 11,230, katika eneobunge lenye wapiga kura zaidi ya 118,000 walioandikishwa. Waliojitokeza hawakufika nusu. Nani atasema kwa yakini walionyamaza walitaka nini?

Hilo la idadi ya wanaojitokeza lina uzito kuliko tunavyolipa. Uchaguzi mkuu humtoa mtu nyumbani kwa sababu ya rais, gavana na diwani kwa mpigo. Uchaguzi mdogo huwatoa wale waliofuatwa mlangoni. Kwa hiyo hupima mtandao wa chama mashinani, na hapo aliye serikalini ana faida ambayo hatakuwa nayo Agosti 2027, siku atakapolazimika kuwagawa mawaziri wake katika maeneobunge yote 290.

Sasa niseme ninachoamini. Uchaguzi mdogo hubashiri vibaya, lakini ni ramani nzuri, na wanaoisoma vizuri zaidi ni wanasiasa wenyewe. Tazama UDA ilifanya nini na kichapo cha Machi 2021. Ilikuwa imeonyeshwa kwamba, kule Magharibi, haiwezi kumng'oa Musalia Mudavadi kwenye ngome za ANC, wala Moses Wetang'ula wa Ford Kenya huko Bungoma. Basi ikaacha kupigana nao. Januari 2022 wawili hao wakaungana na Ruto, muungano wa Kenya Kwanza ukazaliwa. ANC ilibaki na Matungu, Ford Kenya ikabaki na Kabuchai, na Bungoma ikampa Ruto kura nyingi za urais. Kakamega, iliko Matungu, ilimpa mpinzani wake, Raila Odinga. Hata ramani nzuri ina sehemu zilizofutika.

Kiambu ilisomwa kinyume: hapa hakuna haja ya kubembeleza, vunja. Na ikavunjwa.

Usomaji huo haujawa wa heri kila mara. Mwaka 1966, Oginga Odinga alipojiuzulu umakamu wa rais na kuongoza chama cha upinzani cha KPU, bunge lilibadilisha sheria haraka ili waliohama KANU, chama tawala, warudi kwa wapiga kura. KPU ilipata viti 9 kati ya 29, nguvu yake ikionekana zaidi Nyanza. KANU ilijua tangu siku hiyo upinzani umejificha wapi na unaweza kuzingirwa vipi. Mwaka 1969 chama kikapigwa marufuku.

Na kuna chaguzi ndogo zisizopima chochote. Tanzania, Februari 2018, Kinondoni na Siha zilirudi kwenye kura kwa sababu wabunge wake, wa CUF na wa CHADEMA, walijiuzulu na kuhamia CCM, kisha wakagombea viti vile vile kwa tikiti ya CCM na kushinda. Mtu ni yule yule, kiti ni kile kile, rangi tu imebadilika. Ukizihesabu chaguzi kama hizo katika kupanda na kushuka kwa vyama, utapotoka.

Kwa jicho hilo, Novemba 2025 inasema nini? Kasipul na Ugunja, huko Nyanza, haziniambii kitu kuhusu uhusiano wa UDA na ODM, kwa sababu vyama hivyo vinashirikiana serikalini na havikukabiliana; tena ilikuwa ni wiki chache tu baada ya kifo cha Raila, Oktoba 15, na Nyanza ilikuwa bado matangani. Mbeere Kaskazini ni sehemu ya Embu, mkoa wa zamani wa Mashariki. Haiwezi kuzungumza kwa niaba ya Nyeri na Murang'a, na Karish hakusimama kwa tikiti ya DCP ya Gachagua.

Mimi jicho langu liko Malava. David Ndakwa wa UDA alipata 21,564, Seth Panyako wa DAP-K, chama cha upinzani, 20,210. Hii ni Kakamega, ambako serikali sasa ina Mudavadi, ina Wetang'ula jirani, na ina ODM upande wake. Ukijumlisha ngome zote hizo kwenye karatasi, ushindi ulipaswa kuwa wa mbali. Ulikuwa wa kura 1,354. Kama upinzani una viongozi wanaosoma ramani, wataanzia hapo, si Mlimani. Na kama UDA inaisoma vizuri, itajiuliza vigogo wa Magharibi bado wanakuja na kura au wanakuja na majina tu.

Kuna jambo moja linalopotea katika hesabu hizi zote, nalo linaniuma. Katiba inataka uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90 baada ya kiti kubaki wazi. Mbunge wa Banissa, kaunti ya Mandera, alifariki Machi 2023. Tume ya uchaguzi ilikuwa haina makamishna tangu Januari mwaka huo, na haikupata wapya hadi Julai 2025. Watu wa Banissa wakakaa zaidi ya miaka miwili na nusu bila sauti bungeni, wakati miswada ya fedha ikipitishwa na mgao wa maendeleo ukijadiliwa. Walipopata mbunge, Novemba 2025, Nairobi iliandika tu kwamba UDA imeongeza kiti kimoja.