Mwambie mtoto hatachapwa akipotea

Mtoto aliyepotea msituni anaweza kusikia jina lake likiitwa na akanyamaza kimya. Hutokea kweli: kajibanza chini ya kichaka, watafutaji wanapita karibu, naye hathubutu hata kukohoa. Ni sisi tuliomfundisha. Tulimwonya asizungumze na mtu asiyemjua, tena tukamtishia kwamba akienda mbali atakiona cha mtema kuni.

Kwa hiyo kwangu somo la kwanza ni ahadi: ukipotea, sitakuchapa wala kukufokea. Watakuja watu usiowajua wakikuita kwa jina lako, waitikie. Ahadi hiyo mzazi aitimize hata siku mtoto akitoweka kwa dakika kumi tu, la sivyo hataiamini.

Somo la pili: tulia hapo ulipo. Mwaka 1981, mvulana wa miaka 9 alipotea Palomar Mountain, California. Mamia ya watu walimtafuta, lakini walipompata siku chache baadaye alikuwa ameshafariki kwa baridi. Msiba huo ndio ulioleta mpango wa Hug-a-Tree, unaowafundisha watoto kukumbatia mti. Wapo wanaoona ni mchezo wa kitoto. Mimi naona ni hekima kubwa, maana mtoto mwenye hofu hukimbia, na kila anapokimbia eneo la kumtafuta linapanuka. Mti humpa kitu cha kushika, hata cha kuzungumza nacho.

Binti yangu ana miaka sita. Siku ya kwanza ya mazoezi aliniita kwa nguvu zake zote, na baada ya muda mfupi sauti ikamkauka. Nikamvika filimbi shingoni: puliza mara tatu, nyamaza usikilize, puliza tena. Usiku ukisikia kitu kinachakarisha majani, puliza vilevile. Mnyama aghalabu atakimbia, mtu ataitika. Ana pia mfuko mkubwa wa taka wa rangi kali wa kujikinga na mvua, nao nimeutoboa tundu la uso mapema, asije akajifunika akakosa hewa. Asikae kwenye udongo mtupu, akusanye majani makavu akalie.

Kabla hatujaingia msituni, binti yangu hukanyaga kwa kiatu chake karatasi ya foili iliyotandikwa juu ya taulo, nami naiacha garini ili watafutaji waijue alama ya soli yake.

Juzi nilimuuliza, "Wakikuita watu usiowajua?"

Akafikiri kidogo. "Nitaitika." Kisha akanitazama usoni. "Na hutanichapa?"

Nikamwambia tena, sitakuchapa.